Saa Nne ya Kontena

Mama mmoja muuza nyanya wa Ngaramtoni alinipa kazi ya kumtengenezea mfumo wa oda. Akataka wiki mbili, nikataka nne. Tukakutana kwenye tatu, kila mmoja akilalamika kaonewa. Sharti lake lilikuwa moja: hoteli za mjini ziagize mwisho saa nne asubuhi, ndipo awapigie wakulima wa Kikwe wachume. Oda zisipofika, nyanya zinaozea shambani.

Kwangu Daraja Mbili nikaufunga mfumo ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu na mahitaji yake yote, ili kinachokubali kwenye kompyuta yangu kikubali vilevile kwenye seva. Ndivyo wanavyoahidi. Nikigusa mstari mmoja, kifurushi kinajijenga upya na bando linakwenda nacho.

Kontena usipolielekeza hufuata saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Nikapunguza saa tatu ndani ya programu. Halafu, kwa kuwa huwa nahesabu kila kitu mara mbili, nikazipunguza tena kwenye faili la mipangilio. Nikajaza 10:00, yaani saa nne yetu kwa hesabu ya kompyuta. Kioo kikaonyesha: "Mwisho wa oda: saa 4:00."

Nikampelekea. "Shikamoo mama. Hebu angalia."

"Marahaba. Saa nne. Hapo umenielewa, mwanangu."

Hata mimi nilijielewa. Nikaupandisha kwenye seva.

Siku ya kwanza haikuingia oda hata moja. Ile 4:00 ilikuwa ya saa ya dunia: mfumo ulikuwa umefunga mlango saa moja asubuhi kwetu, kabla mpishi yeyote hajaagiza. Mama akanipigia: "Mbona kimya? Dereva wa kubeba nyanya ananitazama kama mimi ndiye kompyuta!"

Wakati natafuta kosa, yeye alitoa daftari lake akapigia hoteli moja moja. Akaokoa nusu ya nyanya. Mimi nikafuta mistari yangu yote miwili, nikaliambia kontena lifuate saa za hapa, nikarudi kwake mchana. Kioo sasa kikasema saa 10:00.

"Saa kumi? Jioni? Ulikuwa umepatia, sasa umeharibu."

"Mama, hiyo ni saa ya kompyuta."

"Kompyuta inanunua nyanya?"

Nikakaa juu ya kreti tupu, nikaandika kwa maneno: saa nne asubuhi. Kontena likajijenga upya, taratibu, kama linanikomoa. Mama akasoma, akasoma tena.

"Sawa," akasema. Lakini daftari hakulirudisha mkobani.