Kiti cha Baba wa Binti

Shule niliishia darasa la pili. Lakini kuta nyingi za Kakiika, pale Mbarara, zimesimama kwa mikono yangu, na hakuna uliopinda.

Mume wangu alifia njiani tukitoka Kivu ya Kusini. Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilifika na mtoto mgongoni na suruali ya marehemu kwenye furushi. Nikaivaa, nikafyatua matofali, kisha nikaenda Mbarara kujenga. Mafundi waliniita Papa, yaani baba, nikaitika. Nikirudi Nakivale, kabla sijafika nyumbani nilifunga kitenge juu ya ile suruali. Kazini sikulia hata tofali liliponivunja kidole. Nyumbani sikupandisha sauti. Miaka yote, Papa na mama ndani yangu, mmoja alimficha mwenzake.

Binti akaposwa. Wakongomani wenzetu wakaja kutoka Nyamitanga kuzungumza mahari. Kwetu kiti cha mbele ni cha baba, na anayekikalia ndiye anayehesabiwa mzazi. Mama yuko jikoni, anasikilizia ukutani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alifika asubuhi na koti, tayari kukikalia.

"Shemeji, uende kwa sufuria. Mambo ya leo ni ya banaume."

"Wakati nilikuwa nakanyaga udongo, koti yako ilikuwa fasi gani?"

Akacheka bila kupenda. "Haya, kaa. Lakini ukilia tu, unanipisha."

Nikakubali. Papa halii, nilijua.

Mzee wa wageni akatazama huku na huku. "Baba wa binti iko wapi?"

"Ni mimi. Sema."

Akasema. Nikambishia kila ng'ombe bila kutetemeka. Kisha akaomba binti aje aseme kama anawatambua. Binti akatoka amevaa kitenge changu, kile kile nilichofunga njiani nikirudi kazini. Machozi yakashuka mbele ya wanaume wote.

Shemeji akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Tulisikilizana. Unipishe."

Siku nyingine zote, Papa au mama, mmoja wetu angeondoka hapo. Safari hii nilichoka kumfukuza.

"Kaa chini," nikamwambia shemeji, kidevu kinadondosha machozi. "Mwenye kulia ni mama yake. Mwenye kukaa hapa ni baba yake. Bote banabaki."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa Nyamitanga akavua kofia.

"Basi, mukwe, tuendelee."

Tukaendelea mpaka mwisho, nami nikilia nikibisha.

Jumatatu nilifika Kakiika nimefunga kitenge juu ya suruali. Mafundi wakanikodolea macho. Nikawaambia walete udongo, ukuta unangoja.