Barua Niliyoikuta Kwenye Kompyuta ya Mwenzangu

Admin, jina langu usilitoe. Kibondo ni mji mdogo na wanaonifahamu watajua tu ni mimi, lakini angalau nisijitaje mwenyewe.

Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina watoto wawili. Wazazi wangu wapo Busunzu, ni wakulima. Baba alikimbia vita Burundi akiwa kijana, na cheti cha uraia alishapata zamani. Sisi watoto wote tumezaliwa hapa.

Nilikuwa na steshenari pamoja na mwenzangu, nitamwita Vestina ingawa si jina lake. Tumesoma wote, tumeimba kwaya moja, na ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Tulipoanza, miaka minne iliyopita, kila mmoja alileta kompyuta yake, baadaye tukaongeza ya tatu ya kuendeshea printa. Ila kioo kilikuwa kimoja, kibodi moja na mausi moja. Fundi akatufungia swichi ndogo ya vitufe vitatu: ukibonyeza moja inakuja kompyuta yangu, mbili ya Vestina, tatu ya printa. Kwa hiyo anayekaa kwenye kiti ndiye anayefanya kazi, mwingine anasubiri. Mimi nachapa haraka. Walimu wakileta mitihani walikuwa wananitaka mimi, Vestina anabaki kutoa kopi na kubana karatasi. Sikuona tatizo, maana kila tulichopata tuligawana nusu kwa nusu.

Mwaka jana baba aliitwa ofisi ya uhamiaji. Kulikuwa na barua isiyo na jina ikisema cheti chake ni cha mtu aliyekwisha kufa, na kwamba watoto wake wanafanya biashara mjini wakati si raia. Akahojiwa, akarudi. Miezi michache baadaye ikaja barua nyingine, akaitwa tena, safari hii na mimi. Vestina alifunga duka akanisindikiza. Nilipotoka nalia alinishika mkono, akasema Mungu atamuumbua anayefanya haya. Tangu siku hiyo baba si yule. Mzee aliyekuwa anasalimia kila mtu njiani, sasa akisikia pikipiki inakata kona kuja nyumbani, anaingia ndani. Cheti anatembea nacho kwenye mfuko wa shati, hata shambani.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, Vestina alipeleka kopi shuleni. Mimi nilikuwa natoa kazi ya mteja kwenye kompyuta ya printa. Nilipotaka kurudi kwenye yangu nikabonyeza mbili badala ya moja. Barua ikawa mbele yangu, jina la baba kwenye mstari wa kwanza. Iliandikwa kwamba ana ndugu ng'ambo ya mpaka ambaye huja kulala kwake kwa siri. Ndugu zangu, baba mdogo alilala kwetu mara moja tu, kwenye harusi yangu, na aliyemtandikia kitanda ni Vestina.

Niliipiga picha kwa simu. Aliporudi nikamwonyesha kioo, nikamuuliza ni nini hii. Akakaa kwenye benchi la wateja. Hakukana.

"Miaka minne nasubiri uinuke kwenye hicho kiti," akasema. "Nilitaka wakusumbue kidogo, uchoke, uniachie duka."

"Na baba yangu?"

"Mzee sikumfikiria."

Siku hiyo hiyo tulichomoa nyaya, akabeba kompyuta yake. Jumapili alikuja Busunzu na mama yake, akapiga magoti mbele ya wazazi wangu. Mama alimwinua, akampakulia chakula. Baba akauliza jambo moja tu: "Barua zimeisha, binti yangu?" Vestina akainamisha kichwa. Ile niliyoikuta alikuwa amekwisha kuitoa na kuipeleka.

Sasa baba ameitwa tena, Jumatatu ijayo. Vestina aliahidi atakwenda mwenyewe kusema ukweli, lakini kila siku ana sababu. Mume wangu anataka nipeleke ile picha. Mama ananisihi nisifanye hivyo, anasema Vestina ana mtoto anayenyonya na mume alishamkimbia, akifungwa dhambi itabaki kwetu. Kuna mama mmoja wa kwaya ameniambia hata mimi nilikalia kile kiti mno. Inawezekana. Lakini mtu akichoka kusubiri kiti si anasema? Kwa nini aende kumwandama baba wa mwenzake?

Jana nilimpigia baba kumuuliza anaendeleaje. Akaniambia ameshalifua shati la Jumatatu.

Naombeni ushauri, na mwenye tusi anisamehe leo. Nikiipeleka picha namfunga mama wa ubatizo wa mwanangu. Nisipoipeleka, baba anakwenda kukaa mbele ya wale watu kwa mara ya tatu, na mimi ukweli ninao mkononi. Ingekuwa ni wewe, ungefanyaje?