Mechi ya Mwisho ya Yaya Kasongo

Safari hii ilianza kwa amri ya mama. Kwa miaka tisa yaya Kasongo, kaka yangu mkubwa, hakutia mguu Lubumbashi, na kila mwaka sababu ilikuwa ile ile: msimu wa besiboli haujaisha. Mama akachoka. "Enda umuone na macho," aliniambia. "Kiisha uniletee jibu, hapana picha."

Brussels, Septemba 2011. Nilifika stesheni ya Gare du Midi Jumamosi asubuhi, nikamkuta yaya ananisubiri na kofia ya timu kichwani. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi. Nilipomkumbatia nilisahau maneno yote niliyotumwa.

Mchana, nyumbani kwake mtaa wa Forest, mkewe Maman Odette alitusongea bukari, ugali wetu wa Katanga. Hapo ndipo nilipopata ujasiri.

"Yaya, mama anauliza utarudia lini."

"Bon, kesho ni match ya mwisho. Tukishinda, tunabakia mu première division, mie naacha, Noël niko kwa mama. Tukishuka, siwezi kukimbia batu. Donc naongeza mwaka ya kubapandisha." Yaani Krismasi angekuwa Lubumbashi, au angebaki mwaka mzima kuwarudisha watu wake daraja la kwanza.

"Na goti inamukatala," Maman Odette alisema, bila kumtazama.

Timu yenyewe haikuwa na mtu anayelipwa. Kulikuwa na mwokaji mikate, walimu wawili, na yaya, mfanyakazi wa kiwanda cha magari.

Jumapili alasiri, uwanjani. Hapakuwa na uzio, ni mstari wa chokaa tu, nami nilikaa kwenye nyasi karibu nao. Maman Odette alinieleza mchezo: mmoja anaupiga mpira, wenzake wanakimbia kituo hadi kituo mpaka pale walipoanzia, kabla wapinzani hawajauokota na kuurudisha. Zamu ya mwisho ilikuta timu ziko sare. Yaya alikuwa kituo cha kwanza. Akizunguka vyote, tumeshinda.

Mwokaji aliupiga. Yaya alikimbia na goti lake bovu, akapita cha pili, akapita cha tatu. Mpira ukaja ukibingirika moja kwa moja kwangu.

Kwetu Katuba, mtaa tuliokulia Lubumbashi, mpira ukikufikia pembeni unaurudisha. Anayeuacha upite anaonekana hana malezi. Niliutuliza kwa mguu, nikampelekea mpinzani, tena kwa adabu.

Mwamuzi akainua mikono miwili. Mtazamaji ameugusa mpira, mchezo umesimama, yaya arudi kituo cha tatu. Aliyefuata kuupiga alishindwa, zamu zikaongezwa, wageni wakatupita kwa pointi moja. Timu ikashuka.

Wachezaji walikuja mmoja mmoja kunipa mkono. Nilitamani wanitukane. Mwokaji alinipa hata mkate wa kupeleka nyumbani.

Yaya alikaa kando yangu, akaanza kufungua viatu.

"Unisamehe, yaya."

"Mu Katuba na mie ningeurudisha," alisema. Kisha akafungua kiatu cha pili.

Lubumbashi, wiki moja baadaye. Ndani ya ndege nilikuwa nimekiri moyoni kwamba miaka yote nilimwonea yaya. Sikuwahi kufikiri kwamba hakutusahau, ila hawezi kuwaacha watu wakiwa wameanguka. Ndivyo mama alivyotulea. Haikunipunguzia uchungu.

Mama alikuwa anachagua maharage. Nilimsimulia yote, mpaka yaya alipopita kituo cha tatu.

"Alikuwa karibu kufika?"

"Karibu sana, mama."

"Sasa nani alimusimamisha?"

Niliweka mkate mezani.

"Ni mie, mama."