Nilivyopiga msasa bunduki ya Mzee Lennart

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nipo Stockholm, huku Tumba, mwaka wa tisa sasa.

Kabla hamjaniuliza kama najiandaa kupindua nchi: hobby yangu ni kulenga shabaha kwa bunduki za zamani za jeshi, zile za kukoki kwa mkono kila risasi.

Huku ni mchezo halali kabisa. Unajiunga na klabu, unafanya mtihani, polisi wanakuchunguza mpaka unachoka, na lazima uwe na kabati la chuma la kuifungia.

Wife aliponiona nahangaika na lile kabati ngazini alicheka sana. Akasema wenzako wananunua friji.

Klabuni ndiko nilikokutana na Mzee Lennart. Ana miaka themanini na moja, alifiwa na mkewe, na maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole. Yeye ndiye aliyenifundisha kutuliza pumzi kabla ya kufyatua.

Macho yalipoanza kumgomea, akataka kuniuzia bunduki yake, Mauser ya Kiswidi aliyoachiwa na baba yake. Wakusanyaji walikuwa wameiulizia miaka mingi, akawakatalia wote kwa sababu wangeitundika tu ukutani. Mimi ningeipigia shabaha.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Mimi ni fundi seremala, nimekulia kwenye randa. Leseni ikatoka, bunduki ikafika nyumbani, nikaona mbao zake zimechoka. Pale shavu linapokaa wakati wa kulenga palikuwa na doa jeusi la mafuta na jasho. Nikasema mzee amenipa heshima, ngoja nami nimheshimu.

Nikapiga msasa jioni mbili, nikapaka vanishi. Aisee, iling'aa, ungesema imetoka dukani leo.

Jumamosi nikaipeleka klabuni, kifua mbele.

Kwa kuwa haoni vizuri, mzee aliipokea na kuanza kuipapasa. Akafika pale pa shavu, akarudi, akapapasa tena. Kisha akailaza mezani taratibu, akachukua koti lake, akaondoka.

Jamaa mmoja wa klabu akanieleza kwa upole kwamba kwenye bunduki hizi ule uchakavu ndio mali yenyewe. Ukishauondoa, basi tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi mbili mzee hakuonekana, na simu hapokei. Ya tatu nikamfuata kwake.

Alifungua mlango, akanimiminia kahawa, tukakaa. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia kama anaitaka bunduki yake, tufuate taratibu za polisi imrudie.

Akatikisa kichwa. Akasema:

"Baba hakuwahi kunikumbatia hata siku moja. Lakini nilikuwa naweka shavu langu pale alipokuwa akiweka lake."

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima, mbele ya kikombe cha kahawa.

Nikainuka nikamkumbatia. Mwanzoni alikakamaa kama ubao. Baadaye nikausikia mkono wake mgongoni kwangu, unapigapiga polepole.

Siku hizi kila Jumamosi nampitia kwake tunakwenda wote. Mimi napiga, yeye anasikiliza mlio na kuniambia nimekosea wapi. Bado maneno yake ni yale yale machache.

Nilichojifunza: ukipewa kitu cha mtu, weka vifaa vyako chini kwanza, umuulize anakipendea nini. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijiona fundi.

Kuna aliyewahi kuharibu kitu kwa nia njema kabisa? Karibuni hapa chini mtoe yenu. Na mafundi wenzangu msinitetee, kosa ni langu.