Lenzi Nyepesi ya Kimeli

Mwezi mzima Kimeli alikuwa mtu wa kupima vitu. Alipima kamera, akapima betri, akapima hata mkanda wa kuvaa shingoni, akasema mkanda nao una uzito wake na watu hawajui. Mizani ya jikoni iliposhindwa na ile lenzi ndefu, aliitia kwenye mfuko akashuka nayo hadi kituo cha kununulia majani chai, pale chini ya nyumba yake, akaitundika kwenye ndoano ya mizani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na magunia yao ya majani mabichi walimtazama, kisha mmoja akamwuliza kama hiyo nayo imechumwa leo asubuhi. Wengine waliangua kicheko. Kimeli hakucheka. Siku hizo alikuwa hacheki na mtu.

Kisa chote kilikuwa bega. Kimeli ni mpiga picha wa Kericho, wa arusi, wa sherehe za kuhitimu kule chuoni Kabianga, wa kila harambee ya kanisa inayotaka kuonekana, na kwa miaka yote hiyo begi lake limekaa bega la kulia. Halafu pikipiki ikammwaga kwenye matope, bega likagoma. Daktari alimwambia apunguze mzigo au aache kazi. Maneno hayo alimwambia akiwa amemwangalia usoni, kwa upole, na Kimeli akatoka pale akiwa na hasira na daktari, na pikipiki, na mvua.

Na kulikuwa na safari isiyoahirishika. Mama mkwe wake, ambaye watu wote humwita Bot Fancy, yaani mama wa mkewe Fancy, anakaa ng'ambo ya Longisa, juu kabisa, mahali ambapo mvua ikinyesha gari halifiki na pikipiki haithubutu. Mama huyo ni fundi wa kushona vibuyu vya mursik, yale maziwa ya mgando. Anatengeneza kifuniko cha ngozi na mshipi wake, anaupamba kwa shanga mstari baada ya mstari, na ukikiona kibuyu chake kwenye sherehe unajua ni chake bila kuuliza. Sasa vidole vimeanza kukakamaa. Alituma neno kwamba anamalizia kibuyu cha Cherono, binti mkubwa wa Kimeli na Fancy, ili siku ya kuolewa kwake kiwepo, na kwamba baada ya hicho sindano anaiweka chini kabisa. Na akasema, jambo ambalo hakuwahi kulisema maishani, kwamba Kimeli akitaka kupiga picha mikono yake ikifanya kazi, aje.

Basi Kimeli akawa haongei habari nyingine. Aliiona picha hiyo kichwani kabla hajaipiga: sindano ikitoboa ngozi, ushanga mmoja mwekundu ukiteleza kwenye uzi, na ncha ya kidole cha mama mzee ikijaza picha nzima hadi mistari ya ngozi yake inahesabika. Alitaka kitu cha kuona karibu sana, na kitu chepesi sana. Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana vitu viwili hivyo havipatani kirahisi.

Alitazama video za wazungu wanaofundisha kusafiri na mzigo mdogo, kila mmoja akiwa na begi la ukubwa wa pochi, na kila mmoja akipinga mwenzake. Alinunua kioo cha kukuza, kile cha kuskrubu mbele ya lenzi. Kilikuwa chepesi kama biskuti, lakini kilizungushia kila kitu rangi ya zambarau. Akaagiza vipete, zile pete tupu zisizo na kioo ndani, zinazokaa kati ya kamera na lenzi ili lenzi ya kawaida iweze kuona karibu. Vikaja vya kamera nyingine. Akarudisha, akangoja, akaletewa vilevile. Fancy akampa simu yake.

"Si hii pia inapiga karibu?" alimwambia. "Na haina kilo."

"Mama Cherono, wacha tu," Kimeli alisema, akatoka nje akasimama uani kwa muda mrefu akiangalia ng'ombe.

Hatimaye vipete sahihi vilifika, akavipeleka kwa rafiki yake Oyugi, mwenye studio mjini, mtu wa ziwani aliyezaliwa na kulelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai na anayejua Kipsigis cha kutosha kugombana nacho. Wakaweka kila kitu mezani. Upande mmoja kamera ndogo, lenzi fupi ya milimita hamsini na vipete vyake. Upande mwingine ile lenzi ndefu ya milimita mia tatu, ya kuvuta vitu vya mbali, ambayo Oyugi huiita bomba.

"Omera, unaacha bomba nyumbani?" Oyugi aliuliza.

"Naacha."

"Safari ya mara moja, halafu unaacha kitu yako ya maana? Hii ingine itakulazimisha uingie ndani ya hiyo kibuyu."

"Bega ni langu, Oyugi. Wewe utanibebea mpaka huko juu?"

Oyugi akalisukuma bomba pembeni. Kimeli akaona ameshinda, na kwa sababu ulikuwa ushindi wake wa kwanza mwezi huo, hakuutafakari. Bomba likaingia chini ya kitanda.

Siku ya safari, kwa kweli, alikuwa na raha. Gari liliwaacha Longisa asubuhi, yeye na Fancy, wakaanza kupanda mlima kwa miguu kati ya mashamba ya chai na ya mahindi, na bega halikusema lolote. Alisimama kila baada ya muda kupiga picha. Aliinama kwenye jani la chai lenye matone ya mvua, na ndani ya kila tone akaona kilima kizima kimegeuka miguu juu. Alimpiga mdudu wa kijani asiyejua kama anaangaliwa. Alikuwa anamwita Fancy aje aone, na Fancy, mwenye kikapu cha sukari na mkate mkononi, alikuwa anaona, anasema ni nzuri, na anamwambia wasichelewe.

Walifika boma jua likiwa limepanda. Bot Fancy alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake, kitambaa kipya kichwani, sweta imefungwa vifungo vyote, kibuyu kwenye mapaja. Jua lilimwangukia mikononi tu, kama alivyopanga mwenyewe. Na ng'ambo ya uwanja, karibu na ghala la mahindi, kulikuwa na kigoda kimoja kimepanguswa na kuwekwa kikiutazama mlango. Ndipo Kimeli akasimama.

Kwa Wakipsigis, hasa watu wa umri wa Bot Fancy, mkwe wa kiume hamsogelei mama wa mke wake. Hampi mkono, hasemi naye ana kwa ana, hali mbele yake, hamkodolei macho. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake mbali. Si uadui hata kidogo, ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi vijana wa mjini wanakumbatiana na mama wakwe zao, na Kimeli amewapiga picha wakikumbatiana, lakini yeye na Bot Fancy hawajawahi kuwa karibu kuliko upana wa uwanja ule tangu alipooa. Jambo hilo alilijua tangu utoto. Hakulisahau, tatizo ni kwamba hakuliweka kwenye mizani. Katika ile picha ya kichwani mwake kulikuwa na mikono tu, mama mkwe hakuwemo. Na lenzi ya hamsini yenye vipete inataka uso wa mpiga picha uwe kama shubiri moja kutoka kwenye ile mikono.

Fancy alimtazama, akalitazama begi dogo.

"Baba Cherono, ile ndefu iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Chini ya kitanda."

Fancy aliweka kikapu chini polepole. "Mimi nilidhani umeibeba. Mama aliniuliza kwa simu, kama utakuja na ile ulipiga nayo harusi ya ndugu yangu Aron, ukiwa umekaa ng'ambo ile ya uwanja. Nikamwambia ndiyo. Ndiyo maana akasema uje."

Kimeli alikwenda akakaa kwenye kigoda. Nini kingine angefanya? Kutoka pale, bomba lingeileta ile mikono hadi kwenye kope zake, na mama asingesumbuliwa na chochote. Mwanamke asiyewahi kushika kamera alikuwa amefikiria mwanga, umbali, na heshima ya watu wote wawili, na yeye mtaalamu wa mwezi mzima alikuwa amefikiria gramu. Akavifungua vipete, akainua kamera. Ndani yake akaona nyumba, mlango, na mama mdogo kama punje ya mahindi. Akapiga hivyo hivyo, kwa hasira, mara nyingi, kama mtu anayegonga mlango anaojua hauna mtu.

Kisha akamwomba Fancy amwulize mama kama anaweza kungoja hadi wiki ijayo. Fancy akauliza, wakazungumza kwa sauti ya chini, akarudi.

"Anasema yeye anaweza kungoja. Vidole hajui. Leo vimeamka vizuri, na imebaki mstari mmoja."

Basi akavirudisha vipete, akampa Fancy kamera, akageuka akakaa akiupa mlango mgongo, akaanza kumwelekeza kwa sauti bila kutazama. Sogea. Sasa usiguse kitu, wewe mwenyewe ndiyo uende mbele na nyuma hadi ionekane vizuri. Shikilia pumzi. Vipete hivyo vina ukorofi wake: ukipumua tu, fokasi imeondoka kwenye sindano ikaenda kwenye kucha.

"Haionekani," Fancy alisema.

"Rudi nyuma kidogo."

"Nimerudi."

"Si hivyo, umerudi sana. Mwambie mama atulie. Akiinua sindano, aishikilie hapo hapo kwanza."

"Anashikilia."

"Bado kidogo. Mwambie asisogeze."

"Baba Cherono, ametulia kama jiwe. Ni mimi natetemeka."

Hivyo hivyo, ushanga kwa ushanga, mstari wote. Mara mbili Fancy alimletea kamera aone, na mara mbili Kimeli aliona ukungu wenye rangi nyekundu na kitu cha kahawia ambacho kingeweza kuwa kidole au kiazi. Alimkaripia mke wake mbele ya nyumba ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Fancy akamjibu, jambo ambalo naye hakuwahi kulifanya. Nyuma yake hakusikia kitu isipokuwa mlio mdogo wa shanga ndani ya bakuli. Halafu huo nao ukakoma.

"Amekata uzi," Fancy alisema. "Amemaliza."

Kimeli hakugeuka. Alihisi machozi ya hasira yakimwunguza, akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Baadaye Fancy alikuja na kibuyu na kamera, akaviweka chini mbele ya kigoda.

"Mama anasema sasa piga. Anasema hiki si mama mkwe wako, kisogelee unavyotaka."

Kimeli alitaka kucheka akashindwa. Alipiga magoti kwenye nyasi, akaleta lenzi nyepesi hadi shubiri moja kutoka kwenye mshipi, na kwa mara ya kwanza siku ile kila kitu kikawa wazi kabisa. Vipete vilifanya kazi ambayo vilinunuliwa kuifanya. Aliona uzi ukiingia na kutoka kwenye ngozi, umekazwa sawasawa, ushanga umekaa kando ya ushanga kama mimea ya chai iliyopandwa kwa kamba. Alipanda mstari baada ya mstari. Mikono ya kila siku ya mama yule ilikuwa pale, haikutetemeka popote, na alianza kufikiri kwamba pengine hajakosa kila kitu.

Kisha akafika mstari wa mwisho, ule wa leo. Hapo uzi ulikuwa umelegea. Sindano ilikuwa imetoboa ngozi, ikasimama, ikakosa njia, ikatoboa tena pembeni. Shanga zilikuwa zimeinama huku na huku, na kwenye moja kulikuwa na alama ndogo ya damu iliyokwisha kukauka. Kila mahali alipomwambia Fancy amwambie mama atulie, ashikilie hapo hapo, asisogeze, palionekana. Vidole vilivyoamka vizuri asubuhi vilikuwa vimeshikiliwa hewani kwa ajili yake hadi vikachoka, na mama hakusema neno, kwa sababu na yeye hamlalamikii mkwe wake.

"Umepata?" Fancy aliuliza.

"Nimepata," Kimeli alisema, naye bado amepiga magoti, na hakuweza kubonyeza kitufe cha kamera.