Baridi ya kuazima: mlinzi wa magari na maua yake matatu

Ni mwezi Julai, mwaka 1998, katikati ya majira ya baridi mjini Durban.

Saa moja asubuhi, katika maegesho ya magari yaliyo karibu na ufuo, kila anayeshuka garini anasugua viganja, anainua kola ya koti na kulalamika kwamba baridi ya mwaka huu imezidi. Mtu mmoja tu halalamiki. Méthode Cirhuza, mlinzi wa magari mwenye umri wa miaka arobaini na moja, anazungukazunguka akiwa ameinua kidole alichokilowesha mate, akitafuta mahali ambapo baridi ni kali zaidi.

Anapata mahali hapo nyuma ya ukuta wa vyoo, ambako jua halifiki. Anapanga chini chupa tatu za jemu. Katika mdomo wa kila chupa kumeketi kitunguu cha ua, mizizi yake myeupe ikining'inia majini, na juu yake limesimama shina nene lenye vichipukizi vya zambarau vilivyobanana kama punje za mahindi.

“Mulale hapa. Musifunguke,” anaviambia, kisha anakimbia kumwelekeza dereva anayerudi nyuma. “Njoo, njoo, kata kidogo… sharp!”

Wakongomani huliita ua hilo jacinthe. Wakatoliki wa Tanzania wamelichukua jina hilohilo na kuwabatizia binti zao, Yasinta. Maua haya matatu yakichanua na kunyauka kabla ya Jumamosi, posa ya binti wa watu huenda ikavunjika, na lawama zote zitamwangukia mlinzi wa magari.

Méthode alifika Durban mwanzoni mwa mwaka jana akitokea Bukavu, mji wa vilima na ukungu, pamoja na mkewe, Colette, ambaye sasa anasuka nywele katika saluni moja ya katikati ya jiji. Siku njema, sarafu za madereva hufikia randi arobaini. Siku ya mvua hurudi na randi kumi na soksi zilizolowa.

Vitunguu vyenyewe vilimjia kwa njia ya ajabu. “Mama mmoja alikosa sarafu, akanipa mfuko wa vitunguu,” anasimulia. “Nikasema, bon, hata mboga ni chakula.”

“Nilikata kimoja, mikono ikaniwasha siku mbili,” anadakia Colette. “Nikamuuliza, Méthode, huyu mama ulimukosea nini?”

Vilivyosalia alivipanda katika kopo, dirishani. Vikatoa majani mazuri, na katikati ya majani hayo kishina kifupi kikachungulia, kikaona haya, kikanyauka. Ni mwenye gari mwingine, muuza miche, aliyemfafanulia kosa lake: kitunguu cha yasinta hakichanui mpaka kipitishiwe baridi ya kweli kwa wiki nane au zaidi. Majira haya, ambayo wenyeji wa Durban huyavalia makoti, kwa kitunguu hicho ni kiangazi tu.

Mtu wa Bukavu hakatishwi tamaa na kitunguu. Aprili mwaka huu alinunua vingine vitatu, akaenda kumbishia hodi Bi Kulthumu.

Bi Kulthumu, mzaliwa wa Tanga, ndiye mwenye mkataba wa nyumba ambamo Méthode na Colette wamepanga chumba kimoja. Ndiye pia mwenye friji. Huuza juisi ya ukwaju, na kwa kuwa juisi haina wanywaji wakati wa baridi, droo ya chini ya friji hubaki tupu.

“Nakuazima baridi yangu, Baba Méthode,” alimwambia. “Lakini baridi nayo ni mali. Utanilipa maua, na siku ya kulipa nitaichagua mimi.”

Méthode akakubali. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ila yeye wakati huo alikuwa bado yuko harusini. Mwanzoni mwa Juni alivitoa vitunguu katika droo na kuviketisha juu ya chupa, kila kimoja kikiukaribia uso wa maji pasipo kuugusa, maana kikilowa kinaoza. Tangu hapo jioni zake zimebadilika. Baada ya kusimama kutwa nzima, anavua viatu, anatumbukiza miguu katika beseni la maji ya moto, anapokea kikombe cha chai ya tangawizi, na kukaa akiitazama mizizi ikirefuka.

“Bengine biko na télé,” Colette anasema. “Siye tuko na vitunguu mu chupa.”

“Na télé yetu haina matangazo,” anajibu mumewe.

Siku ya kulipa ilipochaguliwa, ikawa siku nzito. Kijana wa Kitanzania anayefanya kazi katika ofisi ya meli bandarini amempenda Mwanahawa, binti wa Bi Kulthumu. Wazazi wa kijana wako mbali. Kwa hiyo anayeongoza posa ni shangazi yake, mwanamke ambaye hupitisha kidole juu ya makabati ya watu kutafuta vumbi. Inafahamika mjini kwamba shangazi huyo alikwisha kuvunja posa moja kwa sababu alikuta sebuleni maua ya plastiki. “Nyumba inayodanganya kwa maua,” alitamka siku hiyo, “itadanganya kwa mengine.”

Bi Kulthumu, aliyesikia habari hiyo, alimtumia salamu kwamba sebule yake hupambwa kwa maua hai, tena ya baridi, yaliyooteshwa humohumo nyumbani. Salamu hiyo ilipofika kwa shangazi, sebuleni hapakuwa na ua hata moja.

Posa ilikuwa iwe Jumamosi iliyopita. Ijumaa, vichipukizi vilikuwa vimeanza kuonyesha rangi, kwa wakati barabara. Ijumaa hiyohiyo ukaja ujumbe: shangazi ameugua mafua, ugeni umesogezwa kwa wiki moja.

“Basi na maua yasogezwe,” Bi Kulthumu akaamua.

“Mama Kulthumu, maua si muntu. Haijui kungoja.”

“Yafundishe. Mimi sikukuazima kabati la nguo, nilikuazima baridi. Maneno yangu nimeshayatoa, siwezi kuyameza. Mwanangu akikosa mume kwa ajili ya vitunguu vyako, utanitazama usoni kwa macho gani?”

Kuyarudisha katika friji hakukuwezekana. Maua yalikuwa yamerefuka, na humo ndani alikuwa amelala mbuzi wa wageni, kiungo kwa kiungo, pamoja na kuku wanne. Katika chumba cha Méthode, chenye dirisha linalopokea jua kutwa, maua yangechanua mara moja na kufikia Jumamosi yamelegea kama kabeji iliyochemshwa.

Ndiyo maana Jumatatu hii ameyaleta kazini.

Saa tatu asubuhi anagundua jambo. Maegesho yamejaa, isipokuwa nafasi mbili zilizo karibu na ukuta wa vyoo. Madereva wanazifikia, wanapunguza mwendo, wanaona maua yaliyopangwa chini, wanainamisha vichwa na kwenda kuegesha kwingine. Mmoja anashusha kioo.

“Eish, bhuti, pole sana. Alikuwa mlinzi mwenzako?”

“Nani?”

“Huyo aliyefia hapo.”

Méthode anaeleza kwamba hakuna aliyekufa, kwamba hayo ni maua ya posa yaliyokuja kupigwa na baridi. Dereva anamsikiliza kwa huruma, anatikisa kichwa kama mtu aliyeona jinsi majonzi yanavyoweza kumvuruga mwanadamu akili, na kwenda zake. Kufikia adhuhuri mtu asiyejulikana amewasha mshumaa.

Jioni anajaribu kwa muuza nyama wa mtaani kwao, mwenye chumba cha baridi kinachotosha ng'ombe wawili. Muuza nyama anazitazama zile chupa, kisha anamtazama mwenyewe. “Mteja akikuta maua juu ya nyama yangu,” anasema, “ataniuliza mazishi ni saa ngapi.”

Usiku Colette anazitoa chupa nje ya dirisha la bafu, upande wa kivuli, na kuzifunga kwa utepe wa nywele zisianguke. Asubuhi ua moja limefumbua vichipukizi vitatu.

“Linatucheka,” anasema Colette.

Jumanne Méthode anapanda treni kuelekea Mobeni, kwenye maghala. Anamfuata Gosbert, Mhaya wa Bukoba, aliyefahamiana naye katika foleni ya vibali vya ukimbizi na wageni, na ambaye kwa miaka miwili sasa amekuwa akipakia siagi na jibini katika ghala la baridi. Gosbert anatoka nje akiwa amevaa koti nene kama godoro, ndevu zikiwa na umande.

“Umenifuata na maua? Nimekufa?”

“Bado. Nataka baridi, ndugu yangu. Kidogo tu, hadi Jumamosi.”

Gosbert anacheka hadi anashika ukuta. “Mji mzima unaikimbia baridi, na wewe umepanda treni kuifuata! Mimi hata ndoto zangu hutoa mvuke, bwana.”

Msimamizi wa ghala anaitwa. Ananusa ua moja, anakunja uso na kutamka kwamba siagi hushika harufu upesi. Lakini kuna chumba cha makreti matupu, chenye nyuzi joto nne, na humo maua hayatamdhuru mtu. Chupa zinawekwa pembeni, juu ya kreti.

“Nitakulipa nini?” Méthode anauliza.

Gosbert anafikiri. Analala katika chumba cha wanaume wanane na redio moja isiyozimwa. “Wewe umetafuta baridi, mimi natafuta joto,” anasema. “Jumapili nije kwako. Nikae juani, ndani ya nyumba, nipewe chai, na mtu asiniulize chochote.”

“C'est tout?”

“Si kidogo hicho. Ungenijua, usingekubali haraka hivyo.”

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Méthode anazichukua chupa zake. Maua yametii. Yametii kupita kiasi: yamejikaza na kunywea mithili ya ngumi ya mtoto aliyenyimwa. Wageni wanatazamiwa saa nane mchana. Aliyehangaika wiki nzima kutafuta baridi sasa anahitaji joto, tena upesi.

Anakimbilia saluni. Colette anayatazama maua mara moja tu, anamwinua mteja aliyeketi chini ya mashine ya kukaushia nywele, na mahali pake anaziweka chupa tatu. Anawasha moto wa chini kabisa.

“Dada!” mteja analalamika, kichwa kikiwa kimesukwa upande mmoja. “Mimi nilikuja saa mbili!”

“Vumilia, maman. Hawa biko na posa leo.”

Wateja wanasogeza viti kutazama. Mmoja anashauri yapakwe mafuta, mwingine anasema yafunikwe kwa taulo. Yule aliyeinuliwa ndiye anayeona wa kwanza. “Lile la katikati! Limefungua jicho!” Kufikia saa sita saluni nzima inanukia yasinta, na hakuna anayeulizia zamu yake.

Maua yanaingia sebuleni kwa Bi Kulthumu robo saa kabla ya wageni, yamechanua kote. Moja, kwa uzito wake, linainama kama mzee anayesinzia msibani, na Colette anakichomoa kijiti cha kufumia katika sweta analolifuma siku zote bila kulimaliza, analichomekea mgongoni.

Shangazi anaingia. Anapokea salamu, anakaa, anasimama tena. Anapitisha kidole juu ya kabati. Kidole kinatoka safi. Kisha anayageukia maua, na wenyeji wote wanasogea ukingoni mwa viti. Mwanahawa, aliyefichwa chumbani kama desturi inavyotaka, anasikika akiacha kupumua. Shangazi analishika ua kwa ncha za vidole na kulifinya. Ananusa vidole. Anapiga chafya tatu mfululizo.

“Ni la kweli,” anasema.

“Alhamdulillahi,” anajibu Bi Kulthumu, kana kwamba hakuwahi kuwa na shaka.

“Ila harufu imezidi.”

“Ya kweli huzidi, dada yangu.”

Posa inapokewa. Wakati wa kuaga, shangazi anaomba aondoke na chupa moja, kisha anairekebisha kauli yake na kuomba mbili. “Maua chukua leo,” Bi Kulthumu anamwambia akimfungulia mlango. “Binti utamchukua kwa utaratibu.” Wageni wanapokwisha kushuka ngazi, anamgeukia Méthode. “Droo ni yako tena Aprili, Baba Méthode. Nami sitachagua siku.”

Méthode, hata hivyo, ana mpango mwingine. Anataka kununua friji kuukuu isiyowekwa chakula, na mwakani kuotesha vitunguu ishirini, avipeleke kwenye saluni na kwenye nyumba zenye posa. “Watu wa Durban iko na pesa, iko na jua,” anasema. “Baridi tu ndiyo hawana.”

“Kitanda kwanza,” anasema Colette, aliyechoka kulala sakafuni.

“Friji ndogo, kitanda kidogo.”

“Kitanda, Méthode.”

Jumapili, saa nne asubuhi, Gosbert anabisha hodi, koti lake la ghalani likiwa bado mwilini. Anaonyeshwa kiti kilicho dirishani. Anapewa chai ya tangawizi. Hakuna anayemuuliza chochote. Kikombe cha kwanza kinapokwisha, anavua koti. Cha pili, anavua sweta. Baada ya cha tatu anavua soksi, ananyoosha vidole vya miguu juani na kuvitazama kwa muda mrefu kama watu waliopoteana. Kisha kichwa kinalala begani, na anaanza kukoroma.

Bi Kulthumu anachungulia mlangoni. “Huyo ndiye—”

“Sss,” Méthode anamzuia, kidole mdomoni. “Ninamlipa.”

Jua linasogea sakafuni, linaacha magoti ya mgeni. Méthode anashika kiti upande mmoja, Colette anashika upande wa pili. Wanakiinua polepole pamoja na mtu wake na kukiteremsha tena katikati ya mwanga. Jua linasogea tena, nao wanasogea nalo, kutoka dirishani hadi mezani, kutoka mezani hadi ukutani, mpaka linapozama nyuma ya majengo; na Gosbert hajaamka.