Dawa ya Kifua ya Mama

Sawa mzee, sigara ni sigara, sijakataa. Zote zina moshi na zote zinaua. Lakini ile kali haimdanganyi mtu. Inayodanganya ni ya baridi, ndo maana nataka ifungwe hiyo kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu jirani yetu mwenye duka, Jumapili, kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa ametuuliza kama tupeleke ombi kwa diwani, kwamba sigara za mentholi, hizi tunazoita za baridi, zipigwe marufuku. Redioni siku hizi ubishi ndo huo, na hapa kwetu watoto wa shule wanazivuta wakiona ni kama pipi tu. Mwenye duka hakutaka hata kusikia.

"Binti, hapa ni Tunduma," akasema. "Ukinifungia mimi, mtu anavuka tu ananunua Zambia. Hapo umemsaidia nani?"

"Nimemsaidia asiyevuka," nikamwambia.

"Sista, kwani wewe ushawahi kuvuta?" akadakia kijana mmoja wa bodaboda, kajilaza juu ya pikipiki yake kama yuko kwenye sofa. "Maana unaongea kama mzoefu!"

Watu wakacheka. Nikakaa. Sikuumia sana, kwa sababu nilijua anayefuata kuongea ni dada yangu, na dada akisimama hakuna wa kumcheka. Anauza vitenge hapo mpakani, Kibemba anakimwaga kama kazaliwa nacho, na akiamua kukuuzia kitu utanunua tu.

Tulikuwa tumepanga. Wiki nzima tukifua, tukichambua maharage, mimi nampa maneno na yeye anaitikia. Asimtaje mama, hilo tulikubaliana. Mama ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama, wakijua kanisani ataona aibu mpaka aache kwenda. Angesema tu kwamba kuna mtu anamjua, kifua chake kibovu, na ule ubaridi umemdanganya.

Maana mama anajua kabisa kwamba ni sigara, ila kwake ni dawa. Kila asubuhi anakaanga maandazi kwenye moshi wa kuni, na baridi ya huku ikiingia kifua kinambana. Basi anakaa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko, anawasha moja, anavuta, anafumba macho.

"Inafungua," anasema. "Ni kama ile dawa ya kuchua, ila hii inachua kwa ndani."

Nilipomwambia inamuumiza, akanijibu kwamba ningekuwa daktari nisingekuwa nimekaa nyumbani na cheti cha kidato cha nne. Nikamuuliza nani kamwambia ni dawa. Akasema, "Mtu anayenipenda."

Basi dada akasimama. Akajifunga kitenge vizuri, akasalimia wazee.

"Mimi naomba hizi za baridi tuziache," akasema.

Nikadhani kakosea. Nikasubiri ajirekebishe.

"Kuna watu wana vifua, na hizi zinawapa nafuu. Tusiwaonee."

Mwenye duka akapiga makofi. Mama, kwenye benchi la akina mama, akaitikia kwa kichwa, halafu akanitazama kama anasema, umesikia? Watu wakanyoosha mikono, ombi likafia palepale. Dada hakunitazama hata mara moja.

Niliporudi nyumbani nilimkuta uani anaosha vyombo. Mama alikuwa kapitia mazoezi ya kwaya.

"Dada, umenifanyia nini?"

"Punguza sauti."

"Wiki nzima unaniitikia ndiyo, ndiyo, kumbe unanichora?"

"We mtoto, hujui kitu."

"Basi niambie nijue."

Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Ni mimi niliyempa," akasema. "Wewe ulikuwa bweni. Baridi ilimkamata, hapumui, analia. Mteja wangu wa ng'ambo ya mpaka akaniambia hizi zinafungua kifua. Nikamletea pakiti. Akavuta, akasema kapata nafuu, akaniombea na baraka juu. Sasa leo nisimame mbele ya watu niseme ni sumu? Mama angeniangalia vipi?"

"Na umejua lini kwamba si dawa?"

Akachota jivu jingine, akaendelea kusugua.

"Dada. Umejua lini?"

"Muda," akasema.

Muda. Na bado anamletea! Kile kifurushi cha kila Jumamosi, ambacho mama hukipokea kwa mikono miwili, mimi nilidhani ni kipande cha kitenge. Yule mwenye duka niliyembishia mpaka jasho likanitoka hajawahi kumuuzia mama hata moja. Na dada akaniacha nichekwe na mtaa mzima, huku anajua.

"Usimwambie," akasema, safari hii kwa upole. "Atakufa kwa uchungu."

"Na hicho kifua je?"

Akamwaga maji ya ile sufuria, akaanza kuisuuza upya.

Mama alirudi jioni, anaimba taratibu ule wimbo waliokuwa wanajifunza. Alipofika pale panapopanda, sauti ikakatika, akakohoa, akashika ukuta. Zamani sehemu kama ile alikuwa anapanda bila shida.

"Mbona mmenuna?" akatuuliza. "Mkutanoni kuna kushinda na kushindwa, mwanangu."

Nikamtazama dada. Nilimpa nafasi, kweli nilimpa. Akachukua beseni akaingia ndani.

Hapo ndo nikaamua. Kesho asubuhi, mama akiwa bado anakaanga maandazi, nitatangulia kukaa mimi kwenye kile kigoda nyuma ya jiko. Akija na pakiti yake nitamwambia hii si dawa, halafu nimpeleke zahanati akapimwe kifua, hata akinitukana njia nzima. Na akiniuliza kwa nini basi mtu anayempenda anamletea sumu, sitamjibu mimi. Nitamwita dada aje amjibu.